Mjadala: Je, bustani ya jiji iwe na mahali pa kumwachia mbwa bila kamba?

Mwanzisha Mada
Wadau, salaam. Bustani nyingi za mijini zina kanuni moja tu kuhusu mbwa: awe na kamba au asiingie. Wenye mbwa wanasema haitoshi, wasio na mbwa wanasema hata hiyo haifuatwi. Mapendekezo yanayotajwa ni matatu: (1) uwanja wenye uzio ambamo mbwa ataachiwa, (2) saa maalumu, alfajiri na usiku, mbwa aachiwe kwenye nyasi za wote, (3) kamba muda wote, hakuna kuachia. Anayeunga mkono aseme jambo lifanyikeje. Anayepinga aseme linaharibikia wapi. Visa vya "mbwa wangu mimi" tuviache.

Fundi Bustani
Naunga mkono la kwanza, ila si ule mtindo wa kuzungushia wavu kipande kilichobaki kando ya choo. Uwanja mdogo ni mbaya kuliko kukosa uwanja. Mbwa anayetishwa hutaka kujitenga, na akikosa nafasi ya kujitenga huuma. Kiwango cha chini kinachopendekezwa mara nyingi ni ekari moja, yaani takribani mita za mraba 4,000.

Sehemu ya kuangaliwa kuliko zote ni lango. Yawe malango mawili yanayofuatana, katikati kizimba cha kama mita 3 kwa 3, yote yenye springi ya kujifunga yenyewe. Unaingia, unafunga la nje, unamvua mbwa kamba humo kizimbani, ndipo unafungua la ndani. Wengi humwingiza akiwa bado na kamba, kisha wanashangaa ugomvi. Mbwa aliyefungwa katikati ya walio huru hawezi kuzunguka wala kurudi nyuma, na kamba ikikazwa na mwenye hofu, hofu hiyo inamfikia mbwa. Tena kizimba kikae katikati ya upande wa uzio, kisikae kwenye kona. Mbwa waliomo ndani hukimbilia kila anayeingia, na kwenye kona wanamziba pande zote.

Uzio uwe wa mita 1.5 hadi 1.8. Chini ufukiwe sentimita 30 au usimame juu ya msingi wa zege, kwa sababu wapo wachimbaji. Mbwa wa chini ya kilo 12 hivi wawe na uwanja wao. Mbwa mdogo akikimbia huku analia, mkubwa aliyekuwa anacheza anaweza kugeuka akawinda, na tofauti ya uzito inamaliza mambo kwa sekunde chache.

Mama Wawili
Fundi, hesabu yako yenyewe inapinga hoja yako. Bustani ya mtaa ya hekta moja ni mita za mraba 10,000. Toa 4,000 za mbwa wakubwa, ongeza uwanja wa wadogo, kizimba na njia, karibu nusu ya bustani imekwenda. Wazee, watoto na wanaopumzika wabanane kwenye nusu iliyobaki?

Mimi niko na la tatu: kamba isiyozidi mita 2, muda wote. Uso wa mtoto wa miaka mitatu uko usawa wa mdomo wa mbwa mkubwa, ndiyo sababu watoto wadogo huumwa zaidi kichwani, usoni na shingoni. Wapo pia wenye mzio, wenye woga, na wasiotaka kuguswa na mbwa kwa sababu ya imani yao. Kupaza sauti kutoka mbali "haumi huyo!" hakumlindi yeyote kati ya hao.

Mkufunzi
Mama Wawili, kuhusu kutomkaribia mtu asiyekualika nakubaliana nawe moja kwa moja. Mbwa asiyerudi akiitwa haruhusiwi kuachiwa mahali pa wazi, hata saa kumi alfajiri.

Lakini kamba ya mita 2 ikiwa ndiyo maisha yote ya mbwa, unapata mbwa anayevuta, anayebweka na kurukia kila kipitacho. Kwangu jibu si uwanja wa uzio. Ni kamba ndefu ya mita 5 hadi 10, kwenye nyasi pana, mbali na njia za baiskeli. Wengi huharibu hapa, kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, kipete cha mgongoni. Isifungwe kwenye ukosi wa shingoni hata siku moja: mbwa akikimbia mita 10 kisha akakatizwa ghafla, nguvu yote inaishia kooni na kwenye uti wa shingo. Chagua utepe bapa wa upana wa sentimita 2 hivi. Kamba nyembamba ya duara hukata viganja. Isiwe na fundo wala kitanzi mwishoni, maana hunasa kwenye mizizi na miguu ya watu. Usiizungushe mkononi, mbwa wa kilo 30 anaweza kukuvunja vidole. Ishike kwa mikunjo mipana, uitoe na kuikusanya kadiri anavyosogea. Ukiona mtu anakuja, fupisha hadi mita moja na nusu, toka njiani, msubiri apite.

Zile kamba za kujikunja zenye kishikio cha plastiki sizishauri mjini. Zinamfundisha mbwa kwamba akivuta anapata nafasi. Breki yake ikishindwa, mbwa ameshafika barabarani. Kishikio kikiponyoka kinamfuata nyuma kwa kelele, naye anazidi kukimbia kwa hofu.

Daktari wa Wanyama
Nitaongelea afya, kwa sababu hapa ndipo mapendekezo yote matatu yanaponzwa na jambo moja: kinyesi.

Minyoo ya toksokara hutaga mayai yanayotoka na kinyesi, lakini kinyesi kibichi bado hakiambukizi. Mayai huhitaji wiki 2 hadi 4 ardhini kabla ya kuwa hatari, kisha yanaweza kubaki hai kwa miaka. Kwa hiyo kuzoa siku ile ile kunafanya kazi kweli, na kuzoa baada ya mwezi ni kusafisha macho tu. Minyoo ya safura ya mbwa ina kasi zaidi. Viluwiluwi huwa tayari kupenya ngozi ya mguu mtupu ndani ya siku chache hadi wiki moja hivi, hasa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli. Sanduku la mchanga la watoto liwe na uzio wake na lifunikwe usiku.

Kwa mbwa wenyewe, tishio kubwa la maeneo yenye msongamano ni virusi vya parvo. Hudumu kwenye udongo kwa miezi, hata mwaka, na huwezi kuosha udongo kwa dawa ukafanikiwa. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo za awali, ambazo kwa kawaida huendelea hadi wiki ya 16, asiingizwe uwanja wa mbwa wala asiwekwe chini mahali mbwa wengi hujisaidia. Abebwe mikononi, aone magari na watu, hilo linatosha kwa umri wake.

Madimbwi baada ya mvua nayo yaepukwe. Mkojo wa panya na wa mbwa wagonjwa hubeba leptospira, vijidudu vya homa ya mgunda, na maji yaliyotuama huvitunza.

Sharti langu la kuingia popote: chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo muda wake haujaisha na dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi asilimia 99 kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hutoka kwa mbwa. Hili halina mjadala.

Mtembezi
Mbona pendekezo la pili limerukwa? New York wanalitumia: katika bustani zilizoteuliwa mbwa huachiwa tangu bustani inapofunguliwa hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa tatu usiku hadi inapofungwa. Halihitaji uzio wala halimegi ardhi ya mtu, nyasi ni zile zile. Na kwenye joto, saa hizo ndizo salama kwa nyayo. Lami iliyopigwa jua huwa moto kupita hewa kwa kiasi kikubwa. Weka mgongo wa kiganja juu yake kwa sekunde 7, ukishindwa kuvumilia, mbwa naye anaungua. Mbwa wa pua fupi hupata kiharusi cha joto hata kwa matembezi mafupi ya mchana.

Mama Wawili
Na anayekimbia mazoezi saa kumi na mbili asubuhi? Saa za baridi zinapendwa na kila mtu, si na mbwa peke yake.

Fundi Bustani
Hapo una hoja, dada. Nimeona mipango ya saa ikishindwa kwa sababu mbili tu. Kwanza, kibao kinasema "asubuhi na jioni" bila saa kamili, kila mtu anatafsiri. Pili, eneo halitajwi, kwa hiyo bustani nzima inageuka ya mbwa. Ikiwa ni saa, basi iandikwe saa kamili, kwenye kiwanja kimoja kinachotambulika, chenye mpaka unaoonekana kama safu ya miti au njia ya mawe. Sehemu ambazo ndege hutaga chini zisiingizwe kabisa.

Mfagizi
Mnaongelea kuzoa kinyesi bila kusema mapipa yako wapi. Mtu hubeba mfuko hadi pipa analoliona. Asipoliona, anauning'iniza kwenye kichaka, na mfuko wa plastiki na kinyesi chake hukaa hapo muda mrefu kuliko kinyesi kitupu ambacho kingeoza. Weka pipa lenye mfuniko kila lango na kila panapokutana njia. Lisipoondolewa kila siku, liondolewe kabla halijajaa.

Namna ya kuzoa: vaa mfuko kama glavu, shika, ugeuze, fukuza hewa, funga fundo. Kinyesi laini kinachobaki kwenye nyasi kifunikwe na majani makavu kidogo kisha kiokotwe tena. Kisitupwe mtaroni, maana maji ya mvua huenda mtoni bila kusafishwa. Kisiwekwe kwenye mboji ya mboga.

Na kuhusu uwanja wa uzio, Fundi hajasema kitu kuhusu tope. Nyasi hufa kwanza langoni, halafu kando ya uzio ambako mbwa hukimbia mstari mmoja. Mkojo nao huunguza kwa sababu ya naitrojeni. Langoni weka kokoto laini zilizoshindiliwa, zenye mteremko mdogo wa kutoa maji. Kwingine gawa uwanja mara mbili, upande mmoja upumzike huku mwingine ukitumika.

Mkufunzi
Naongeza hatari isiyoonekana kwenye mchoro: watu wenyewe. Uwanja wa uzio huwafanya wenye mbwa wakae benchi wakitazama simu. Mtu asimame, atembee, amwangalie mbwa wake. Mchezo mzuri una mapumziko na zamu: anayekimbizwa sasa atakimbiza baadaye, miili imelegea, mdomo wazi. Shari huanza kimya: mwili unakakamaa, mdomo unafungwa, macho yanakaza mahali pamoja. Ukiwa na shaka, mshike anayekimbiza. Yule mwingine akirudi kumfuata, walikuwa wanacheza. Akiondoka, hakuwa anapenda.

Chakula na mipira visiingie mbwa wakiwa wengi. Ugomvi ukitokea, usitie mkono penye ukosi, hapo ndipo watu huumwa na mbwa wao wenyewe. Mwaga maji, piga kelele kwa chuma, ingiza ubao kati yao.

Mama Wawili
Daktari, mtoto akiumwa hata mkwaruzo mdogo, hatua ni zipi? Vibao vya bustani havisemi.

Daktari wa Wanyama
Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo. Usipake mafuta, pilipili wala majivu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, usisubiri dalili, kwa sababu zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mbwa anayejulikana asiuawe: afungwe na kuchunguzwa siku 10. Kibao kiandike hivyo, pamoja na namba ya simu ya msimamizi wa bustani.

Mtembezi
Na mwenye mbwa ambaye mtaa wake hauna bustani kabisa?

Mkufunzi
Atafute njia tulivu, si lazima iwe ya kijani. Upana wa mita 3 ili wawili wapishane bila kugusana. Aone mbele walau mita 30, asikutane na mbwa mwingine ghafla kwenye kona. Iwe na pa kutokea pawili. Aikague kwanza peke yake bila mbwa: chupa zilizovunjika, mifupa ya kuku, nyasi zilizopuliziwa dawa, sumu ya panya, mbwa wasio na mwenyewe. Kisha ampe dakika 20 za kunusa kwa mwendo wa mbwa. Kunusa kunamtuliza kuliko kuburutwa saa nzima.

Fundi Bustani
Nabadilisha pendekezo langu. Bustani isiyofika hekta 3 isiwe na uwanja wa uzio. Iwe na kiwanja kimoja cha kamba ndefu kwa saa zilizoandikwa. Uwanja wa uzio ujengwe kwenye bustani kubwa, au kwenye ardhi isiyofaa michezo ya watoto, kama chini ya nyaya za umeme, mradi kivuli na maji ya bomba viwepo.

Mama Wawili
Kamba ndefu kwa saa zilizoandikwa nitaikubali kwa majaribio, eneo la watoto likiwa na uzio wake na lango la kujifunga. Kuachia bila kamba mahali pa wazi bado napinga. Na nataka kujua nani atakayekuwa langoni kukagua kadi za chanjo, kwa sababu kibao hakisomi kadi.

Mfagizi
Swali hilo la langoni lijibiwe kabla ya kununua hata mita moja ya wavu. Na mwenye ufunguo wa kufunga uwanja siku za tope naye ajulikane.