Kidato cha Pili au kidato cha pili? Na mbona orodha inajipanga ovyo?

Karani_Kisauni
Asalaam aleikum. Kuna jarida la shule linaandaliwa, lina makala na orodha za wanafunzi. Herufi kubwa ziingie wapi: "Kidato cha Pili", "kidato cha pili" au "Kidato Cha Pili"? Pili, nikipanga orodha kwa kompyuta, cha nne kinatangulia cha pili. Dawa yake nini?

MjiWaKale
Waaleikum salaam. Hiyo yenye "Cha" kubwa iondoe kabisa. "Cha", "la", "wa" ni a-unganifu tu, haipandi hata kwenye kichwa cha habari. Mbili zilizobaki zinategemea kazi ya neno. Ndani ya makala ni nomino ya kawaida: "wanafunzi wa kidato cha pili walizuru Fort Jesus." Kwenye cheti, mlangoni au juu ya orodha ni jina, basi Kidato cha Pili. Chuoni vilevile: yuko mwaka wa tatu, ila kwenye jedwali ni Mwaka wa Tatu. Wako wahariri wanaopandisha kila mahali, nami siwagombi mradi wasichanganye. Na tafadhali, "kidato cha moja" hakuna. Ni kwanza, pili, halafu tatu na kuendelea.

Hesabu_Likoni
Kompyuta inafuata alfabeti: Kwanza, Nne, Pili, Tatu. Madarasa ndiyo kichekesho: Kwanza, Nane, Nne, Pili, Saba, Sita, Tano, Tatu! Tarakimu za gredi (madarasa ya mfumo mpya) nazo haziponi: Gredi 10 itakaa kabla ya Gredi 2, kwa kuwa seli ni maandishi na husomwa herufi moja moja.

Ongeza safu ya namba tupu, iite Mpangilio. PP1 (awali ya kwanza) ni 1, PP2 (awali ya pili) ni 2, kisha kila gredi jumlisha 2: Gredi 1 inapata 3, Gredi 12 inapata 14. Panga kwa Mpangilio, halafu kwa jina, kisha ifiche safu hiyo kabla ya kuchapa. Chagua jedwali zima kwanza. Ukichagua safu moja, madarasa yanahama majina yakibaki, na mtoto wa PP2 anaamkia Gredi 9. Mkondo (ile B ya 2B) upe safu yake.

Maalim_Changamwe
Usigeuze Darasa la Nane kuwa Gredi 8. La nane lilifunga shule ya msingi, na KCPE (mtihani wa kumaliza msingi) ya mwisho ilikuwa 2023; Gredi 8 iko katikati ya sekondari ya chini. Yote mawili yanapata namba ileile ya Mpangilio, yaani 10, lakini jina libaki la mfumo wake. Vidato vya 8-4-4 (mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) vipe 11 hadi 14.

Karani_Kisauni
Shukran. Na wazee wa Kidato cha Sita?

Maalim_Changamwe
Hao ni wa 7-4-2-3, mfumo uliokuwapo kabla ya 8-4-4 kuanza 1985: saba ya msingi, minne na miwili ya sekondari, mitatu ya chuo kikuu. Msingi wao uliishia Darasa la Saba, kwa hivyo Kidato cha Kwanza chao ni 10, cha Sita 15. Wahitimu wapange kwanza kwa mwaka wa kumaliza, Mpangilio ufuate.