Huyu wa poda jamani! Nani alimruhusu kumwaga poda kwenye sakafu ya ukumbi wa kale?

SakafuKwanza:
Wakuu, jina simtaji. Hakuna haja. Mliokuwepo kwenye dansi ya fyusheni jana usiku, ile ya kuchanganya mitindo yote sakafu moja, mnamjua, na ambao hamkuwepo mnamjua pia, kwa sababu kila ukumbi unaye wake. Viatu vyeupe, feni ya mkononi, na chupa ya poda ya watoto mfukoni.

Chupa. Mfukoni. Kwenye ukumbi ambao mbao zake zilipigiliwa kabla babu zetu hawajazaliwa!

Alisubiri wimbo wa taratibu, mapigo 70 hivi kwa dakika, sakafu imejaa pomoni. Tango wanatembea ukingoni, bluzi na zouk wako katikati, kila mtu amepata nafasi yake. Akajipenyeza hadi chini ya taa kubwa ya vioo. Akachomoa chupa. Akaitikisa mara tatu, kama mwokaji anayenyunyizia ubao unga. Halafu akajipangusa mikono kwenye suruali na kutangaza, sauti ikafika hadi roshani: "Sasa ndiyo sakafu!"

SASA NDIYO SAKAFU! Kwani tangu saa mbili tulikuwa tunachezea nini, mchanga?

Lilitanda wingu, dari halionekani. Vile vichwa vya simba vya plasta juu ya jukwaa, nusura vipige chafya. Na wa kwanza kulipia hakuwa yeye. Kuna jozi ilikuwa inaingia kwenye mzunguko wa nusu duara. Hapo uzito wote wa mtu uko juu ya mguu mmoja, kwenye sehemu ya mbele ya wayo, na msuguano mdogo ndio unaomwambia mguu "simama hapa". Wa kwake haukuambiwa kitu. Ukapitiliza, wa pili ukaondoka kwenda pembeni, mtu akapiga msamba ambao hakuuomba. Paja la ndani hilo, wakuu. Likichanika ni wiki kadhaa bila dansi.

Na yeye amesimama palepale na chupa yake. Mara tatu aliitikisa! Sasa ndiyo sakafu!

Mlangoni pameandikwa karibu wote. Kuna wanaocheza kwa kiti cha magurudumu. Kiti kinageuka kwa kuzuia gurudumu moja na kusukuma lingine, na mwenzako akikuvuta mkono, tairi ndiyo inayong'ang'ania mbao. Tairi ikila poda, kiti kinateleza kiubavuubavu, na breki yenyewe inasugua tairi hiyohiyo. Kuna wenye pumu pia. Wote hao walipaswa kumeza sakafu yake mpya.

Waandaaji mnasoma humu. Chupa ile ikaguliwe mlangoni.

Mguu_wa_Kushoto:
Naweka kambi hapa.

Ila mkuu, uzi wote huu kwa ajili ya poda? Nilivyosoma kichwa nilidhani kamwaga petroli.

SwediKavu:
Kwanza tusahihishane. Poda nyingi za watoto siku hizi ni wanga wa mahindi. Ya zamani ndiyo ilikuwa talki, yale madini laini kuliko yote, yenye matabaka kama karata. Kwa hiyo mleta uzi punguza mayowe.

Halafu jamaa alikuwa na sababu. Nusu ya watu jana walivaa raba. Raba inang'ata vanishi, mwili unazunguka, wayo umebaki, na goti ndilo linalobeba deni. Sakafu ilikuwa inanata kweli, hasa upande wa meza ya vinywaji.

SakafuKwanza:
Wanga! Afadhali hata ungenyamaza. Wanga ukikutana na jasho na vinywaji vilivyomwagika unageuka uji, uji ukikauka ni gundi. Kwa hiyo nusu saa ya kwanza unateleza, usiku uliobaki unanata. Hiyo ndiyo "sasa ndiyo sakafu" yake!

Na aliyevaa raba ashughulikie raba yake. Kuna vifuniko vya swedi, ile ngozi laini yenye manyoya, vinavyovalishwa juu ya kiatu. Hata soksi nene iliyokatwa ikafunika mbele ya wayo inatosha, mradi kisigino kibaki wazi kiwe breki. Tatizo la miguu yako miwili unalitatua kwenye miguu yako miwili. Humwagii watu 100 dawa ya mtu mmoja.

MlinziWaMbao:
Wakati mnagombana, aliyeachiwa kazi ya kusafisha asome hapa tafadhali.

USIANZE NA MAJI. Zimeni feni kwanza, maana zinairusha hadi kwenye mapazia. Fyonzeni kwa mashine yenye brashi laini, mkifuata urefu wa mbao, kwa sababu poda inajificha kwenye viungio. Halafu mopu kavu ya nyuzi ndogo, na kitambaa kikijaa mkigeuze, msiisambaze tu. Mwishoni kabisa kitambaa chenye unyevu kidogo, kiasi kwamba mbao inakauka mkiwa mnaiangalia. Mkianza na mopu inayochuruzika mtapata ubandiko mweupe ndani ya kila ufa, na mbao zitakunywa maji zivimbe.

Hizi sakafu za zamani hazijalazwa juu ya zege. Chini ya mbao kuna papi zilizopishana kwa matabaka, na kati yake kuna uwazi. Ndiyo maana sakafu inanesa na magoti yanafika asubuhi. Mbao ikivimba, mneso unapotea kipande kile, unapata doa gumu katikati ya ukumbi, na wachezaji wanalikwepa bila kujua wanakwepa nini. Ukumbi wa Blackpool Tower kule Uingereza una zaidi ya vipande 30,000 vya mbao, mahogani, mwaloni na mjozi, na moto ulipoiharibu sakafu mwaka 1956 ilichukua takriban miaka miwili kufungua tena. Kazi ya namna hiyo huimwagii poda.

Na wenye visigino vya sindano, nanyi mko kwenye orodha. Kilo 60 juu ya kisigino cha sentimita moja ya mraba ni kilo 60 kwa kila sentimita ya mraba. Vaeni vifuniko vya plastiki.

Mguu_wa_Kushoto:
Mleta uzi kapiga kelele, huyu kaleta maarifa. Uzi ubadilishwe jina uwe wa MlinziWaMbao.

Anayefuata_Mwenye_Shingo:
Poda inapanguswa. Shingo je?

Mnayemsema mimi namjua kwa lingine. Ni yuleyule anayekulaza mkononi bila kuuliza, kila mwisho wa wimbo, kama vile wimbo hauwezi kuisha kichwa kikiwa juu. Kumlaza mtu kunahitaji vitu vitatu: mwenzako amekubali, mguu wake mmoja bado umebeba uzito wake mwenyewe, na wewe umeangalia nyuma kuna nani. Yeye anaanza na kuinamisha. Kichwa kikapita sentimita chache kutoka kwenye nguzo ya marumaru!

Halafu zile za kichwa za zouk. Kuzungusha kichwa kunaanzia kifuani, mgongo wa juu unatangulia, shingo inafuata, na ni kwa mtu aliyejifunza tu. Huwezi kumshika mtu wa bluzi kisogoni ukamkoroga.

SakafuKwanza:
Umeona? Ndiye huyohuyo. Na alikulaza juu ya poda yake mwenyewe.

Anayefuata_Mwenye_Shingo:
Hapana, ilikuwa kabla ya poda. Poda hata sikuiona, nilikuwa nje nashika shingo.

TepeMbili:
Ngojeni na mimi niseme, maana limenikaa kooni.

Mlangoni tunapewa tepe. Kijani unaongoza, zambarau unafuata, ukivaa zote unabadilishana hata katikati ya wimbo. Mtoto wa darasa la kwanza anaelewa. Sasa wanawake wawili wanacheza, wanabadilishana vizuri kabisa, anayeongoza anafungua mkono, mwenzake anauchukua uongozi bila hata pigo kukatika. Huyo mtu wenu anasogea, anawauliza: "Mwanamume hapo ni nani?"

Mwanamume! Tepe zinaning'inia kifuani! Kuongoza ni kazi kama kuendesha gari, haina jinsia. Ukumbi wa dansi wa Savoy pale Harlem, New York, ulipofunguliwa mwaka 1926, weusi na weupe walicheza sakafu moja wakati kumbi nyingi za Marekani ziliwatenga. Leo mtu anashindwa kusoma utepe.

BassiNzito:
Wote mmemwacha mhalifu mkubwa. DJ.

Bluzi ya mapigo 65, mtu amemkumbatia mwenzake, anapumua naye, halafu bila daraja lolote inaingia swing ya 180. Kuna jozi zilibaki zimesimama kama zimepigwa picha. Fyusheni haimaanishi tumbukiza chochote. Unapanda kwa hatua, 65, 80, 95, 110, unakaa kidogo, unashuka. Nyimbo mbili tatu za mwendo unaokaribiana ili mwili uzoee. Na dakika nane kwa wimbo mmoja ni kifungo. Ukiwa na mwenza msiyeelewana naye, dakika nne zinatosha kabisa.

SwediKavu:
Hapo kwa DJ nakuunga mkono asilimia mia. Ile swing ndiyo iliyosababisha watu wagongane, wala si poda.

SakafuKwanza:
Poda ilimwagwa KWENYE WIMBO WA TARATIBU. Swing ilikuja baadaye. Mnasoma au mnapita tu? Alisimama katikati, akatikisa MARA TATU.

Mguu_wa_Kushoto:
Mbili. Mimi nilikuwa roshani, nilihesabu.

SakafuKwanza:
TATU!

Anayefuata_Mwenye_Shingo:
BassiNzito, dakika nane? Na mtu aliyelowa shati, hata nne ni nyingi. Leteni mashati ya akiba jamani, matatu kwa usiku mmoja si anasa. Na taulo ndogo. Na usijipake manukato juu ya jasho, unamaliza wenye pumu kuliko hata poda.

BassiNzito:
Manukato! Hiyo ifunguliwe uzi wake kabisa. Kuna mmoja anayekuja na ile ya karafuu, mnamjua.

TepeMbili:
Namjua! Jana aliacha harufu kwenye bega langu hadi asubuhi.

SwediKavu:
Huyo ndiye anayeingia msalani na viatu vya swedi, anarudi vimelowa, halafu analalamika kwamba havitelezi. Swedi ikilowa iache ikauke yenyewe, mbali na moto, kisha brashi ya waya, upande mmoja tu, na fanya hivyo nje ya ukumbi.

BassiNzito:
Brashi ya waya ya shaba au ya chuma? Yangu inang'oa manyoya.

SwediKavu:
Shaba. Na usikandamize.