Zamu za hospitali, watoto na mapumziko ya wikiendi: mnapangaje?

Mama wa Kimara
Habari zenu. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wazazi ya hospitali moja kubwa hapa Dar es Salaam, nina watoto wa shule ya msingi, na mume wangu huuza vitambaa Kariakoo hadi Jumamosi jioni. Nikitoka zamu ya usiku, makabidhiano huchelewa na foleni ya Morogoro Road hunimalizia nguvu, kwa hiyo nafika nyumbani watoto wameshaondoka, nao wakirudi mimi najiandaa kutoka tena. Wanatamani niwapeleke kisiwa cha Mbudya, lakini siku ya mapumziko ikifika mwili unakataa. Wenzangu mnawezaje?

Muuguzi Mstaafu, Temeke
Pole na kazi, mwanangu. Siku unayotoka zamu ya usiku usiihesabu kuwa ya mapumziko, hata kama ratiba inaiita hivyo, kwa maana hiyo ni siku ya kulala. Sisi tulimwendea msimamizi wa wodi kabla hajabandika ratiba ya mwezi, tukamwomba siku mbili za kufuatana, kwa sababu ikishabandikwa, kumbadilishia mmoja ni kuwavuruga wote. Tulipobadilishana zamu tuliandikishana, ugomvi ukapungua. Likizo nayo usiiache ipotee: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, pamoja na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Iombe mapema iangukie Juni au Desemba, shule zikiwa zimefungwa, maana kila mzazi wodini anaitaka miezi hiyo.

Baba Nuru, Tabata
Shikamoo mama, umesema kweli. Dada, mke wangu ni daktari, na kilichotusaidia ni mimi kushika kazi za nyumbani bila kungoja kuagizwa: sare za shule, madaftari, sokoni. Naomba mumeo asome hapa. Mke wangu akilala mchana, kanga nene hubanwa dirishani ili chumba kiwe giza, simu hubaki kwangu, na watoto wanajua kwamba mlango ule haugongwi.

Ukisafiri baada ya zamu ya usiku, tafadhali usiendeshe gari, kwani usingizi hauombi ruhusa. Tangu treni ya SGR, ile ya reli mpya ya kisasa, ianze safari za Morogoro mwaka 2024, sisi hupanda hiyo. Safari huchukua chini ya saa mbili, mama analala kitini huku watoto wakingoja kuiona milima ya Uluguru. Mbudya ni karibu zaidi, ila nendeni asubuhi, upepo wa mchana huchafua bahari.

Mama wa Kimara
Asanteni sana, na mama, shikamoo. Nimemsomea mume wangu, amekubali kufunga duka Jumamosi moja kila mwezi, na msimamizi nitamwona kabla ya ratiba ijayo. Je, boti za Kunduchi za kwenda Mbudya zina maboya ya kuvaa yanayowatosha watoto?

Baba Nuru, Tabata
Si zote. Wavalisheni maboya na kufunga kamba zake mkiwa bado ufukweni, kabla hamjalipa nauli, na kama hayawatoshi tafuteni boti nyingine.