Mbwa wa jirani kamng'ata mwanangu, naomba ushauri kuhusu kudai fidia

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nilimtuma mwanangu wa miaka 7 dukani kununua chumvi. Geti la jirani lilikuwa wazi, kama kawaida yao, mbwa akatoka na kumng'ata kwenye shavu la mguu. Tulikiosha kidonda kwa maji na sabuni kama robo saa, nikachukua PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), tukaenda hospitali. Sindano za kichaa cha mbwa kapigwa mbili, bado nyingine. Mama yake kafunga genge wiki nzima kwa ajili ya kumuuguza.

Jirani kaleta elfu kumi na maembe, anasema mtoto ndiye alimchokoza mbwa. Mtoto mwenyewe hata paka anamkimbia! Nimeomba kadi ya chanjo ya mbwa, mpaka leo inatafutwa.

Stakabadhi na picha za kidonda ninazo. Nianzie kwa mwenyekiti wa mtaa tuandikishane, au niende mahakamani moja kwa moja? Siku za genge kufungwa naweza kuzidai? Na fundi aliyeng'atwa na mbwa huyohuyo mwaka jana anafaa kuwa shahidi?