Msaada: 5x − 2y = 14, kila mtu nyumbani ana jibu lake

Mzazi_Umoja
Hamjambo nyote. Kijana ana zoezi hili: katika 5x − 2y = 14, andika y kwa kutumia x, kisha utafute y ikiwa x ni −2. Jibu la kitabu ni −12. Yeye anapata 12, dadake 3, kikokotoo cha simu kimetoa −17. Nani kakosea wapi?

Kalamu_Nyekundu
Mzazi, hayo yote ni makosa yanayojulikana. Kwanza njia yenyewe. Toa 5x pande zote mbili:

−2y = 14 − 5x

Hapo y imezidishwa kwa −2, basi gawanya upande wote wa kulia kwa −2, ile 14 na ile −5x pia:

y = −7 + 5x/2

Weka −2 ndani ya mabano: −7 + 5(−2)/2 = −7 − 5 = −12.

Kijana amegawanya kwa 2 badala ya −2. Akabaki na 7 − 5x/2, ndiyo sababu jibu lake ni lile la kitabu lililopinduliwa ishara. Dadake amegawanya 14 peke yake na kuisahau −5x: −7 − 5(−2) = 3.

Hesabu_Mtaani
Na −17 ni ya mabano. Ukiuandika mlinganyo huo kama (5x − 14)/2, halafu ubonyeze 5 × −2 − 14 ÷ 2, kikokotoo kinagawanya 14 kwanza: −10 − 7. Funga sehemu ya juu yote kwa mabano, au bonyeza = kabla ya kugawanya.

Kalamu_Nyekundu
Niongeze kuhusu kosa la kijana, maana nadhani najua lilikotoka: ule wimbo wa "ikivuka alama ya usawa, ishara inabadilika". Wimbo huo ni wa namba zinazojumlishwa na kutolewa tu. −2 hapa haijatolewa, imezidishwa. Inaondolewa kwa kugawanya, na hasi yake inakwenda nayo. Mimi ningeufuta wimbo wote, niseme: ulichofanya kulia, fanya na kushoto.

Hesabu_Mtaani
Usiufute, Mwalimu. Kwa 5x umefanya kazi vizuri tu.

Mzazi_Umoja
Asanteni. Lakini mbona asiweke −2 moja kwa moja mwanzoni?

Hesabu_Mtaani
Anaweza: −10 − 2y = 14, kisha −2y = 24, kisha y = −12. Kwa thamani moja ni rahisi zaidi. Ila swali limetaka y kwa kutumia x, akiruka hatua hiyo atakuwa amejibu nusu. Na akipewa jedwali la kuchora grafu, y = −7 + 5x/2 inamwokoa: x ikiwa 0, 2, 4, y ni −7, −2, 3. Kila x ikipanda 2, y inapanda 5.

Kalamu_Nyekundu
Akimaliza ahakikishe kwenye mlinganyo wa *mwanzo*, si ule aliopanga upya. Kama kupanga kulikosewa, huo utakubali kosa lake mwenyewe. 5(−2) − 2(−12) = −10 + 24 = 14, sawa. Ya kijana inatoa −34, ya dadake −16.

Abiria_wa_Jioni
Mpe na mfano wa barabarani. Tuseme matatu ya kwenda mjini ni shilingi 80, boda ya kutoka steji 50, na ana 800 za wiki: 80m + 50b = 800, kwa hiyo b = 16 − 1.6m. Matatu 5, boda 8, pesa imeisha kabisa. Matatu 4, b ni 9.6: hakuna boda ya 0.6, atapanda 9 abaki na shilingi 30. Akiweka m = 11 atapata −1.6. Hesabu haijakosea. Matatu 11 ni 880, amepitisha 80, na hizo 80 ndizo boda 1.6 ambazo hana pesa zake.