Wanaume wawili, kitanda kimoja: naomba ushauri kuhusu kulala kwenye yurti karibu na Hell's Gate

Mpanda Baiskeli (Nairobi)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi na mwenzangu ni wanaume, tunaishi pamoja Nairobi mwaka wa sita sasa, na majirani wa ploti yetu wanatujua kuwa mabinamu. Mwezi wa Julai tungependa kuadhimisha miaka hiyo sita kwa kulala siku mbili katika kambi moja karibu na mbuga ya kitaifa ya Hell's Gate, kule Naivasha, ambayo ina yurti, yaani yale mahema ya duara ya wafugaji wa Mongolia, yenye kitanda kikubwa kimoja, zulia, na tundu la kioo kileleni ambalo mtu akilala chali anaona nyota. Tumeichagua Hell's Gate kwa sababu ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli mbele ya pundamilia na twiga.

Kinachonizuia kulipa ni jambo lililotupata mwaka jana katika nyumba moja ya wageni nje ya jiji. Tulikuwa tumelipia chumba kimoja. Tulipofika, mhudumu wa mapokezi alitutazama, akakitazama kitabu chake, kisha akasema mbele ya wageni wengine kwamba wanaume wawili hawapewi kitanda kimoja mahali pale. Tulilipia chumba cha pili, tukalala mbalimbali, na asubuhi mwenzangu hakutaka hata kunywa chai. Sitaki limpate tena. Je, niwaandikie wenye kambi mapema na kueleza, ninyamaze, au tuache kabisa? Pia naomba kujua kama yurti inastahimili baridi ya Julai.

Mwenye Kambi (Naivasha)

Ndugu yangu, pole kwa yaliyowapata. Mimi ni mama ninayeendesha kambi ndogo huku karibu na ziwa, nina yurti mbili, na nitaanza na hilo la baridi kwa kuwa jibu lake ni rahisi.

Yurti ni msonge unaohamishika. Ukuta wake ni fito zilizopishana kama wavu, zinazokunjwa na kukunjuliwa, na paa lake ni miti mirefu inayokutana kwenye duara la mbao kileleni. Wamongolia huifunika kwa sufi ya kondoo iliyoshindiliwa hadi ikawa nzito kama godoro, na ustadi huo wa kuijenga uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2013. Upepo hauna pembe ya kushika, kwa hiyo hata ule wa alasiri unaovuma kutoka ziwani hupita pembeni. Huku kwetu, hata hivyo, sufi peke yake huoza kwa mvua, ndiyo maana wengi wetu tunaweka turubai nje. Waulize kama chini ya turubai kuna sufi. Ikiwa ni turubai tupu, usiku wa Julai mtatetemeka.

Kuhusu moto nasema kwa msisitizo: msikubali kuletewa jiko la makaa ndani ili "lipashe joto kidogo". Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haionekani wala hainusiki, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko wasiamke. Jiko linalofaa ni la chuma lenye bomba linalotoka nje. Lisipokuwepo, ombeni blanketi na chupa za maji moto.

Sasa lile kubwa. Wanaume wawili kulala chumba kimoja si jambo geni huku. Waendesha baiskeli, madereva na mafundi hufanya hivyo kila wiki. Tatizo huzuka pale mapokezi kwa sababu mfanyakazi hajaambiwa chochote na anaogopa lawama. Kwa hiyo andikeni sentensi moja: "Tutakuwa watu wazima wawili wa kiume, na tutatumia kitanda kikubwa kilichomo, tafadhali thibitisheni." Msieleze zaidi. Mwenye kambi atajibu ndiyo au hapana, na likiwa ni hapana mtalisoma mkiwa sebuleni kwenu, bila begi mkononi wala watu wa kuwatazama. Ikiwa ni ndiyo, mnao ujumbe wa kuonyesha langoni. Mimi nikipokea ujumbe kama huo huwaambia wafanyakazi kwamba chumba kiandaliwe kama kilivyolipiwa, na mazungumzo huishia hapo.

Ombeni yurti iliyo mbali na jikoni. Turubai haizuii sauti, na mtu anayepita na kuni husikia kila neno.

Mzee wa Rongai

Mimi ningeomba vitanda viwili, vijana wangu, halafu mkifika mjipange wenyewe. Siwahukumu. Naogopa tu watu wa huku nje, ambao wana maneno.

Msomaji wa Sheria

Hofu ya Mzee ina msingi, lakini ni vyema tujue sheria inasema nini hasa, kwa sababu wanaotisha watu hutegemea kwamba wanaotishwa hawaijui. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo cha hadi miaka 14, na cha 165 hadi miaka 5 kwa tendo kati ya wanaume, hata likiwa faraghani. Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha vifungu hivyo tarehe 24 Mei 2019. Kinachoadhibiwa hapo ni tendo. Hakuna sheria ya Kenya inayokataza wanaume wawili kulipia chumba kimoja au kulala kitanda kimoja, na ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu.

Hatari iliyo karibu zaidi kuliko mahakama ni mtu anayedai pesa ili asiwaripoti. Msimlipe, akilipwa mara moja hurudi. Fungeni simu zenu kwa nywila, lipeni kambi kwa M-Pesa ili kuwe na kumbukumbu, na kila mmoja aandike jina lake la kitambulisho kwenye daftari la wageni. Likitokea la kutokea na polisi wakawashika, ibara ya 49 inawapa haki ya kunyamaza, ya kumwita wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Mahakama ya Rufaa ilikwisha kusema, Machi 2018, kwamba kuwapima watu maungoni kwa lazima ili kuthibitisha ushoga ni kinyume cha Katiba. Wekeni namba ya wakili kichwani, si kwenye simu pekee.

Wawili wa Ngong

Mzee wangu, shikamoo. Nakuheshimu, lakini hilo la vitanda viwili sisi tulilijaribu na sitalirudia. Mimi na mwenzangu ni wanawake. Tulijitambulisha kuwa ndugu wa tumbo moja, na kuanzia chakula cha jioni mama mmoja mkarimu aliyekaa nasi akaanza kuuliza: baba yenu bado yupo, nani kifunguamimba, mbona hamfanani. Siku mbili nzima tulikuwa tukitunga familia isiyokuwepo na kukumbushana usiku tulichosema mchana. Tulirudi Ngong tumechoka kuliko tulivyoondoka.

Safari iliyofuata hatukusema lolote. Aliyetuuliza tulimjibu kwamba tumekuja kupumzika, na hakuna aliyeuliza mara ya pili. Mtu ana haki ya sitara yake bila kuikana nafsi yake. Mpanda Baiskeli, umekwisha kuishi miaka sita ukiitwa binamu. Siku hizi mbili msiwe mabinamu wa mtu.

Nendeni katikati ya wiki, kwani Jumamosi huja makundi makubwa. Na ndani ya korongo la Hell's Gate msiingie kama kuna wingu la mvua popote upande wa juu, hata kama mlipo ni jua kali, kwa maana maji huja ghafla. Mwaka 2012 na tena 2019 yaliua watu mle ndani.

Mpanda Baiskeli (Nairobi)

Nimeyasoma yenu yote kwa sauti, na mwenzangu alikuwa ameketi kando yangu akisikiliza. Mzee wa Rongai, ahsante kwa kutuita vijana wako. Neno hilo limemgusa.

Tulituma sentensi ile ya Mama jana jioni, bila kuongeza hata nukta. Jibu limekuja leo saa nne asubuhi: kitanda ni chetu, chini ya turubai kuna sufi, jiko lina bomba, na watatupa yurti ya mwisho karibu na migunga, mradi tusitoke peke yetu usiku kwa ajili ya viboko wanaokuja kula nyasi. Tumelipia Jumanne na Jumatano. Mwenzangu ameshaanza kupaka mafuta minyororo ya baiskeli, ingawa Julai bado iko mbali.