Naomba ushauri: uyoga wenye sifongo chini ya kofia, umeota kwenye misindano ya Lushoto

MkaziWaLushoto:
Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi wilayani Lushoto, mkoani Tanga, jirani na shamba la miti upande wa Shume. Tangu masika yashike, chini ya misindano kumeota uyoga ambao sijauzoea. Kofia yake ni ya hudhurungi, ina upana wa sentimeta 9 hivi, nayo inateleza kama mlenda, hata majani ya msindano yamenata juu yake. Nilipougeuza sikukuta zile kurasa nyembamba za uyoga wa kawaida, bali vitundu vya manjano vilivyosongamana kama sifongo. Mama mkwe anasema kwamba kwa kuwa konokono wameula, nasi tunaweza kuula. Sipendi kumvunjia heshima, lakini nina watoto wadogo nyumbani. Je, huu ni uyoga gani, na mbona msitu wa asili ulio ng'ambo ya barabara hauna hata mmoja?

MzeeWaHandeni:
Mwanangu, mweleze mama kwa adabu kwamba konokono hula hata uyoga unaoua binadamu. Wapo pia wanaotia kitunguu saumu au sarafu ya fedha sufuriani wakisubiri ibadilike rangi. Hicho nacho si kipimo. Sumu ya Amanita phalloides, mmoja wa uyoga hao wanaoua, haiondoki kwa kuchemshwa, na dalili zake kwa kawaida huanza baada ya saa 6 au zaidi, wakati ini limeshaanza kuharibika.

Uyoga wako, kwa kuwa una vitundu, uko katika kundi la boleti. Tuangalizie mambo haya: je, shina lina pete? Ukiukata, nyama yake inageuka buluu? Kisha weka kofia moja juu ya karatasi nyeupe, ifunike kwa bakuli usiku kucha, utuambie vumbi litakaloanguka ni la rangi gani.

BwanaMiche:
Nijibu hilo la makazi, maana ndilo linalotupa jina. Boleti nyingi haziishi kwa kula mbao zilizooza. Nyuzi zake huvika ncha za mizizi hai, zikaupa mti maji na fosforasi, na mti ukazilipa sukari. Lakini ubia huo una uchaguzi. Huko kwa mzee, Handeni, boleti za asili hufuata miyombo na mikongo. Miti mingi ya msitu wa asili wa Usambara hushirikiana na kuvu wa aina nyingine kabisa, wasiotoa uyoga wa kuonekana, na misaipresi hufanya vivyo hivyo. Msindano si mti wetu. Pinus patula, kwa mfano, asili yake ni Meksiko, na katika sehemu mbalimbali za Afrika miche ya misindano ilidumaa mpaka ulipoletwa udongo wenye nyuzi za kuvu wake. Kwa hiyo uyoga wako ni mgeni aliyekuja na mwenyeji wake, na hawezi kuvuka barabara bila yeye. Mimi ninadhani ni jenasi ya Suillus.

MkaziWaLushoto:
Nimerudi na majibu. Pete hakuna. Nyama ni ya manjano hafifu, nayo haikugeuka buluu hata baada ya robo saa. Sehemu ya juu ya shina ina chembechembe kama pumba, na kwenye uyoga mchanga vitundu vilikuwa vikitoa matone meupe kama maziwa. Vumbi lililoanguka ni la rangi ya mdalasini.

BwanaMiche:
Matone hayo pamoja na kukosekana kwa pete vinaelekeza kwenye Suillus granulatus. Suillus luteus angekuwa na pete.

MzeeWaHandeni:
Ninakubaliana naye. Uyoga huo huliwa, ingawa ngozi yake telezi humenywa kwanza kwa sababu huendesha tumbo. Hata hivyo, maneno yetu ya mbali yasiwe ruhusa ya kuupika. Kata vipande vyembamba, vikaushe, andika ulipouokota na chini ya mti gani, kisha uvipeleke Idara ya Botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

MkaziWaLushoto:
Nashukuru, mzee wangu. Vipande vimeshaanikwa kwenye ungo. Mama mkwe amekubali kusubiri, ila amesema uyoga ukija kuthibitishwa, atakayemenya ngozi ni mimi.